Mkojo unatoka vizuri, ya nini nikapime tezi dume?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 49. Mwaka huu kaka yangu mwenye miaka 58 amegundulika na saratani ya tezi dume. Alikwenda hospitali kwa sababu ya mgongo, akaambiwa imeshaingia kwenye mifupa. Wa kiume tupo wengine watatu: mimi, anayenitangulia ana 53, na kaka mkubwa ana 77. Nimewaambia twende tukapime. Yule wa 53 ananicheka, anasema mkojo wake unatoka kama wa kijana na chumbani hana tatizo, ya nini kujitafutia ugonjwa. Mimi mwenyewe naogopa. Kuna hicho kidole wanachoingiza njia ya haja kubwa, halafu kuna kwamba wakikuta kitu watanikata nibaki mwanaume jina. Tuna dada wawili, wao hawajambo. Mama yetu alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 46. Je, nikapime kweli wakati sina dalili yoyote? Na hao kaka zangu niwaambie nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni nyote nyumbani.

Ndiyo, kapime, na usingoje dalili. Mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa tumbo moja alipata ugonjwa huu kabla ya miaka 65 hushauriwa aanze kuzungumza na daktari kuhusu kupima akifika 45. Miongozo mingi inawaweka wanaume wenye asili ya Kiafrika kwenye umri huohuo hata kama nyumbani kwao hakuna mgonjwa. Wewe una 49. Sikutishi, ila sababu ya kuahirisha imekwisha. Huyo wa 53 ni vilevile. Kaka mkubwa ni habari nyingine, nitamfikia.

Tuanze na hoja ya mkojo, maana ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Inatokana na kuchanganya magonjwa mawili yanayokaa kwenye kiungo kimoja. Tezi dume iko chini ya kibofu, mbele ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa), na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri ukisogea, sehemu ya ndani, ile inayouzunguka mrija, hunenepa. Huko ndiko kutanuka kwa tezi kunakowapata wazee wengi, na si saratani. Ndiko kunakomwamsha mtu usiku mara tatu nne, mkojo ukawa unakatikakatika, akimaliza anahisi bado upo. Saratani nayo, kwa karibu asilimia 70, huanzia ukanda wa nje, upande wa nyuma unaopakana na puru. Huko ina nafasi ya kutosha, na inaweza kukua miaka mingi bila kuugusa mrija. Kwa hiyo kaka yako anayekojoa kama kijana amethibitisha kwamba mrija wake uko wazi, basi. Kuhusu saratani hajathibitisha lolote. Na yule anayeamka usiku asijihukumu mapema. Mara nyingi ni kutanuka tu, japo naye anastahili kuonwa.

Chumbani ni hivyohivyo. Mishipa ya fahamu inayofanya uume usimame inapita kwa nje, ubavuni mwa tezi, na uvimbe mdogo uliomo ndani hauigusi. Mwanaume anaweza kuwa na saratani na mke wake asilalamike chochote.

Ugonjwa ukifika mahali pa kusema, husema kwa sauti ya kaka yako: mgongo, nyonga, kiuno kisichokubali dawa za maumivu, kupungua uzito, damu kwenye mkojo au kwenye shahawa. Hapo mara nyingi umeshatoka nje ya tezi. Chris Hoy, Mwingereza wa mbio za baiskeli aliyeshinda dhahabu sita za Olimpiki, alikwenda kuangaliwa bega mwaka 2023 akiwa na miaka 47. Picha zikaonyesha uvimbe begani, na mzizi wake ukakutwa kwenye tezi dume, umeshafika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Baba yake na babu yake wote walikuwa wamepata ugonjwa huo. Afya ya mwili wake ilikuwa ya kiwango ambacho mimi na wewe hatutakigusa, na haikumpa dalili hata moja mapema.

Tofauti ya mapema na baadaye ni kubwa mno. Katika takwimu za Marekani, wanaume wanaokutwa saratani ikiwa bado ndani ya tezi au jirani yake, karibu wote wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Wanaokutwa ikiwa imesambaa mbali, wanaobaki ni zaidi kidogo ya theluthi. Na huu si ugonjwa wa wachache: mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya wanaokaribia milioni 1.5, na waliofariki walikaribia 400,000.

Sasa hicho kidole. Nadhani kimewakimbiza wanaume wengi kuliko kisu chenyewe, na inasikitisha kwa sababu siku hizi hakiko mstari wa mbele. Hatua ya kwanza ni damu. Inatolewa mkononi, kichupa kimoja, kinapelekwa maabara kupima PSA. Hiyo ni protini inayotengenezwa na tezi dume, kazi yake kuyeyusha shahawa baada ya kutoka, na kiasi kidogo huvujia kwenye damu. Tezi ikiwa na hitilafu, huvuja zaidi. Kidole peke yake hukosa saratani nyingi ambazo bado ni ndogo, kwa hiyo madaktari wengi hawakitumii tena kama kipimo cha kuanzia kwa mtu asiye na dalili. Daktari atakihitaji kama PSA imepanda au kama una malalamiko, kwa sababu zipo saratani chache ambazo hazipandishi PSA na kidole huzigundua.

Na kama kitahitajika, hivi ndivyo kilivyo. Utalala ubavu, magoti yakunjwe kuelekea kifuani, au utainama ukishika kitanda. Daktari anavaa glavu, anapaka jeli, anakuambia uvute pumzi na kuitoa. Anaingiza kidole kimoja, anapapasa ukuta wa mbele, kulia na kushoto, anatoa. Hata dakika moja haiishi. Utahisi kama unataka kwenda haja, pengine na kama unataka kukojoa. Anachotafuta ni ugumu. Kunja ngumi sasa hivi, bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba: ndivyo tezi nzima inavyohisika. Kisha bonyeza kifundo cha kidole. Akikuta sehemu yenye ugumu wa kifundo, anataka kujua zaidi. Hakuna linalobadilika kwako kama mwanaume baada ya hapo, na ukitaka akupime daktari wa kiume, sema, ni haki yako.

Kuna mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa damu, na watu wengi hawaambiwi. Siku mbili kabla usifanye tendo la ndoa wala kutoa shahawa kwa njia yoyote, na usiendeshe baiskeli kwa nguvu. Kama ulikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, subiri kama wiki sita baada ya kupona. Ikiwa uliwekewa mpira wa mkojo hivi karibuni, sema. Ikiwa unatumia finasteride au dutasteride, iwe kwa ajili ya tezi au kwa ajili ya kuota nywele, sema pia: dawa hizo hushusha PSA hadi karibu nusu mtu akizitumia miezi sita au zaidi, na majibu yanaweza kuonekana mazuri kumbe yamefunikwa.

Majibu yakija, usiyasome peke yako kwenye simu ukiwa umesimama. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ni nanogramu 4 kwa mililita. Kwa mtu wa miaka arobaini na kitu hata 2.5 hutazamwa kwa makini. Lakini hakuna namba inayosema una saratani, wala hakuna inayosema huna. Kwa wenye PSA ya kati ya 4 na 10, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani akichukuliwa vinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kuchunguza. Waliobaki ni kutanuka kwa tezi, uvimbe wa maambukizi, au hali isiyo na madhara. Ikipita 10, uwezekano unazidi nusu. Na kwa upande mwingine, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua vinyama wanaume ambao PSA yao haikuvuka 4, na wapatao 15 katika kila 100 walikutwa na saratani, nyingi zikiwa za daraja la chini. Ndiyo maana namba moja haitoshi. Mwenendo wake miaka inavyopita unasema zaidi, hivyo tunza karatasi zako zote.

PSA ikiwa juu, jambo la kwanza ni kurudia baada ya wiki kadhaa. Si wachache ambao ya pili hurudi kawaida. Ikibaki juu, siku hizi, mahali penye huduma hiyo, hufuata picha ya MRI ya tezi kabla ya sindano yoyote. Picha hupewa alama 1 mpaka 5, 5 ikiwa ya kutia shaka zaidi. Tafiti mbili kubwa, za 2017 na 2018, zilionyesha kwamba kwa kuanza na MRI zaidi ya robo ya wanaume wanaweza kuepuka kuchukuliwa vinyama kabisa.

Kuchukua vinyama ni sindano nyembamba, chini ya ganzi, inayonyofoa vipande vidogo, kwa kawaida kama 12 na vingine vya ziada pale picha ilipoonyesha doa. Zamani ilipita kwenye puru. Sasa wengi hupitisha kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, kwa sababu maambukizi hupungua. Utaona damu kidogo kwenye mkojo siku chache, na kwenye shahawa hata wiki kadhaa. Usishtuke. Hilo la kwamba sindano inaichokoza saratani ikasambaa nimelisikia mara nyingi, nalo limewafanya watu warudi nyumbani kutoka mlangoni. Saratani ya tezi dume haisambazwi na kipimo hiki.

Vinyama vikifika kwa mtaalamu wa hadubini, hupewa daraja. Daraja hilo linaitwa Gleason, kwa jina la daktari wa Marekani aliyelibuni miaka ya 1960. Ya chini kabisa inayoripotiwa leo ni 6, ya juu 10. Ukisikia 6 usidhani umepata zaidi ya nusu ya ubaya. 6 ndiyo iliyo pole kuliko zote.

Hapo tunafika kwenye hofu yako halisi, ile ya kukatwa. Naiheshimu. Ila angalia jinsi ulivyoziunganisha hatua: kupima, kukutwa, kukatwa, kana kwamba ukianza ya kwanza umeshasaini ya tatu. Ni maamuzi matatu tofauti, kila moja na siku yake, na kila mahali unaweza kusimama ukauliza.

Uingereza walifanya utafiti wa kuwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 waliokutwa na saratani iliyobaki ndani ya tezi, wote waligunduliwa kwa PSA. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji, la pili mionzi, la tatu halikutibiwa mara moja. Walifuatiliwa kwa vipimo, na aliyeonyesha mabadiliko akahamishiwa kwenye tiba. Matokeo ya miaka 15 yalitoka mwaka 2023. Waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika 100, makundi yote matatu karibu sawa. Sitakuficha upande wa pili: kwenye kundi la kufuatiliwa, ambao ugonjwa uliwasambaa walikuwa karibu mara mbili ya wale wa makundi yaliyotibiwa mapema, yaani kama 9 kwa 5 katika kila 100. Lakini robo yao walikaa miaka yote hiyo bila kisu, bila mionzi, bila dawa. Ukikutwa na Gleason 6, ushauri utakaoupata sehemu nyingi leo ni huo wa kufuatilia.

Na madhara ya tiba? Yapo, na daktari anayekwambia hayapo mkimbie. Katika utafiti huohuo, kabla ya tiba wanaume 67 katika 100 walikuwa na nguvu za kutosha kufanya tendo. Miezi sita baada ya upasuaji walibaki 12. Baada ya mionzi iliyoambatana na dawa za homoni walibaki 22. Namba mbaya, sibishi. Miaka sita baadaye wa upasuaji walikuwa 17, wa mionzi 27, na wale wa kufuatiliwa walioanza bila kuguswa walikuwa wameshuka hadi 30, kwa umri wenyewe na kwa sababu baadhi walikuja kutibiwa. Mkojo nao: miezi sita baada ya upasuaji karibu nusu walikuwa wanavaa pedi, miaka sita baadaye 17 katika 100. Kwa hiyo anayepasuliwa ajue anachokubali, aulize daktari wake amefanya upasuaji huo mara ngapi na kama mishipa ya fahamu ya pembeni itaweza kuachwa. Dawa na vifaa vya kusaidia nguvu vipo pia, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya upasuaji, mke akiwepo.

Lakini pima upande wa pili wa mzani, kwa sababu hapo ndipo wanaume wanapojidanganya. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiizima homoni hiyo ugonjwa hurudi nyuma, na baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Mpaka leo, ugonjwa ukishasambaa, msingi wa tiba ni huo: sindano za kuzima homoni ya kiume kila baada ya miezi kadhaa, au kuondoa korodani. Muulize kaka yako wa 58, kama atakuwa tayari kusema. Hamu huisha. Usimamaji hupotea kwa wengi. Jasho la ghafla usiku, misuli kulegea, kifua kuvimba, mifupa kuwa dhaifu. Upasuaji wa mapema unahatarisha usimamaji. Tiba ya kuchelewa inazima hamu yenyewe, na inaendelea maisha yote. Anayekwepa kupima ili alinde uanaume wake anajipeleka kwenye tiba inayougusa kuliko zote.

Na kukutwa nayo si kupangiwa tarehe. Askofu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997. Alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Nimesema kaka mkubwa nitamfikia. Ana 77. Kama hana dalili, mimi nisingemsukuma kupima PSA, na ningemshauri asijisumbue hasa kama ana presha, kisukari au moyo. Saratani hii inapoanza huenda taratibu sana. Ukichunguza miili ya wanaume waliofariki kwa mambo mengine wakiwa wamevuka 80, zaidi ya nusu hukutwa wanayo na haikuwahi kuwasumbua. Kumtafutia mzee ugonjwa ambao ungemchukua miaka 15 kumdhuru ni kumpa hofu na madhara ya tiba bila faida. Wataalamu wa Marekani mwaka 2012 walifika mahali pa kushauri kipimo hiki kisitumike kwa wanaume wote wasio na dalili, kwa sababu ya kutibu kupita kiasi. Mwaka 2018 wakalegeza: kati ya 55 na 69 mtu aamue na daktari wake, kuanzia 70 isipimwe kama utaratibu. Ila nasema kama hana dalili. Akianza kulalamika mgongo au nyonga usiku, PSA inakuwa kipimo cha kutafuta chanzo cha maumivu, na hapo umri haumzuii.

Kwa nini basi nawasukuma ninyi wawili? Kwa sababu faida ya kupima huja polepole, na ninyi mna muda wa kuivuna. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume zaidi ya 160,000 uliripoti mwaka 2009 kwamba ili kuokoa mmoja asife na saratani hii ilibidi kualika 1,410 kupima. Walipoendelea kufuatilia mpaka miaka 23, wakaripoti 2025: sasa ni 456, na kati ya kila wagonjwa 12 wa ziada wanaogunduliwa kwa sababu ya kupima, mmoja anaokolewa. Hao ni wanaume wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwa na historia kama yenu. Mwenye ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huu, uwezekano wake ni zaidi ya mara mbili.

Ukipima ikawa chini ya 2.5, rudia baada ya miaka miwili. Ikiwa 2.5 au zaidi lakini haijatia shaka, kila mwaka.

Kuhusu huyo wa 53, acha kumtisha. Mtu anayecheka mbele ya habari kama hii mara nyingi ameshaogopa. Usimwambie "kapime", mwambie "Jumanne natoa damu, twende wote". Mwambie ni damu tu siku hiyo, hakuna kingine, na usimfiche kwamba hatua nyingine zipo ikibidi. Usimtume mke wake amsukume kama yeye mwenyewe hajataka kusikia. Wapo wanaojifungia zaidi. Aliye na neno zito kuliko langu na lako ni kaka yenu mgonjwa. Muombe kwanza ruhusa, maana ugonjwa ni wake, kisha ampigie yeye simu. Dakika tano za kaka anayeumwa mgongo zitafanya ambacho mwaka mzima wa maneno yako haujafanya.

Pia kaeni mkumbuke marehemu wenu. Baba yenu, baba wadogo, babu: walikufa na nini? Katika familia nyingi utasikia "alisumbuliwa na mgongo", "mkojo ulifunga", "alipooza miguu tu ghafla". Hayo majina yameficha tezi dume nyingi. Mkiyapata, mwambieni daktari.

Kuna wanaouza vidonge na majani ya "kusafisha tezi". Sitatumia muda mwingi hapa. Utafiti wa Marekani uliowahusisha wanaume zaidi ya 35,000 ulijaribu vitamini E kama kinga ya saratani hii. Waliomeza vitamini E wakapata saratani zaidi, kwa asilimia 17. Punguza uzito kama umezidi, fanya mazoezi, acha sigara, lakini usiviweke mahali pa kipimo.

Kwa kaka yako mgonjwa nina ombi moja la haraka. Saratani ikiwa kwenye uti wa mgongo inaweza kubana uti wenyewe. Akihisi miguu inalegea, ganzi kuanzia kiunoni kushuka au sehemu za siri, mkojo au choo kugoma ghafla au kutoka bila kujijua, asilale nacho. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Saa zinahesabika, aliyepooza kwa siku kadhaa ni vigumu kurudi kutembea. Mkewe na watoto wote wajue hili.

Mwisho, hilo la mama yenu umeliandika kama habari ya pembeni, na mimi ndilo lililonikamata. Saratani ya titi akiwa na miaka 46, na mwanawe tezi dume iliyosambaa akiwa na 58: hizo mbili zinaweza kuwa na mzizi mmoja. Ipo kasoro ya kurithi, maarufu zaidi ikiitwa BRCA2, inayoongeza saratani ya titi na ya ovari kwa wanawake na ya tezi dume kwa wanaume, na kwa wanaume huwa kali na huja mapema. Kati ya wanaume ambao saratani ya tezi dume imewasambaa, takriban 12 katika 100 wamekutwa na kasoro ya kurithi ya aina hiyo. Kaka yako amuombe daktari wake kipimo cha vinasaba. Kwanza kwa faida yake, kwa sababu zipo dawa, mojawapo olaparib, zinazofanya kazi vizuri zaidi kwa wenye kasoro hizo. Pili kwenu: akikutwa nayo, kila mmoja wenu, mkiwemo dada zenu wawili, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nayo. Dada zenu wataanza kuchunguzwa matiti mapema na kwa njia tofauti na wanawake wengine. Watoto wako pia, wa kike kwa wa kiume, watakuwa na swali la kuuliza wakifika ukubwani, na wa kiume atakayekutwa nayo hushauriwa kuanza PSA akiwa na 40. Aanze kaka yenu mgonjwa kupima kabla yenu, kwa sababu ndiye mwenye ugonjwa: maabara ikishaijua kasoro iliyomo kwake, kwenu itatafutwa hiyohiyo tu, na jibu la "huna" litakuwa la kuaminika.